Alama Tulizoambiwa Hazifutiki

Sisi tuliosoma bayokemia katika miaka ya 1970 tulilelewa katika elimu ya mambo ya kudumu. Jeni ni urithi, haibadiliki ila kwa ajali. Seli ikishakuwa ya ini imekuwa ya ini, haitageuka ngozi. Na zile protini zinazobeba DNA ndani ya kiini cha seli, yaani histoni, zikishabandikwa kundi la methili, kundi hilo litakaa papo hapo mpaka histoni yenyewe ife. Waliotufundisha walisema hivyo bila kusita, nasi zamu yetu ya kushika chaki ilipofika tukasema hivyohivyo.

Nimejaaliwa kuishi hadi kuiona imani hiyo ikianguka. Nimewaona pia vijana waliozaliwa nyuma yetu wakitengeneza kemikali ndogondogo za kuvizuia vimeng'enya vinavyofuta alama hizo, vimeng'enya ambavyo kwa mujibu wa vitabu vyetu havikuwapo kabisa. Vinaitwa demethilesi za histoni. Sasa nina mvi, na nataka kusema ninachokiona juu ya vizazi hivi viwili, changu na chao. Kila kimoja kina kitu ambacho mwenzake hana, na hicho cha kwetu naona kinaanza kupotea kabla hatujakikabidhi.

Kwanza jambo lenyewe, kwa asiyelijua. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufikia karibu mita 2, nayo inakaa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Inaenea humo kwa sababu inazungushwa juu ya vifundo vya histoni. Kila kifundo kina histoni 8, na DNA inakizunguka kwa urefu wa jozi 147 za herufi zake, mzunguko mmoja na zaidi ya nusu. Mfano wake ni ukili mrefu uliokunjwa robota kabla ya kushonwa mkeka: sehemu iliyobanwa ndani huwezi kuitia sindano mpaka uilegeze. Jeni iliyobanwa haisomeki. Jeni iliyolegezwa husomeka, na protini yake ikatengenezwa.

Nani anaamua ipi ibanwe na ipi ilegezwe? Histoni zina mikia inayochomoza nje ya kifundo, na kwenye mikia hiyo zimo amino asidi ziitwazo laisini, ambazo seli huzibandika makundi madogo ya kikemikali. Methili ni mojawapo. Laisini moja inaweza kubeba methili moja, mbili au tatu, na mahali zilipo huleta tofauti kubwa. Methili kwenye laisini ya 4 ya histoni H3 kwa kawaida hukutwa penye jeni zinazosomwa. Kwenye laisini ya 9 au ya 27 hukutwa penye jeni zilizonyamazishwa. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya ngozi, zikiwa na DNA ileile, haziishi maisha yaleyale. Elimu ya mambo haya ndiyo epijenetiki.

Histoni zenyewe ni habari ya zamani. Mjerumani Albrecht Kossel alizitenga mwaka 1884 kutoka kwenye chembe nyekundu za damu ya bata bukini. Methili kwenye laisini zake iliripotiwa na Kenneth Murray mwaka 1964, na mwaka huohuo Vincent Allfrey na wenzake wa Taasisi ya Rockefeller, New York, wakatoa hoja kwamba makundi haya yanahusika na kuwashwa na kuzimwa kwa jeni. Kwa hiyo tangu 1964 tulijua methili inabandikwa. Swali la kama inabanduliwa lilingoja miaka 40.

Msiwahukumu waliongoja. Walikuwa na sababu nzuri. Kiungo cha naitrojeni na kaboni kinachoishika methili kwenye laisini ni kigumu mno. Asetili, kundi jingine linalobandikwa kwenye histoni, huvunjwa kwa maji tu kimeng'enya kikisaidia; methili haikubali njia hiyo. Tena watafiti walipima. Katika miaka ya 1970 walitumia methili zenye mionzi, wakahesabu zinakaa muda gani kwenye histoni, na wakakuta zinakaa karibu sawa na umri wa histoni yenyewe. Kwa vipimo vya siku zile hilo lilikuwa jibu la haki. Tatizo ni kwamba walikuwa wakipima wastani wa histoni zote za tishu kwa pamoja. Jeni moja ikifutwa alama saa tatu na nyingine ikiandikwa saa nne, wastani hautakuambia lolote.

Lakini walikuwapo wawili walioona zaidi, na kila nikiwakumbuka moyo wangu unauma. Woon Ki Paik na mkewe Sangduk Kim, waliofanya kazi Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia, waliripoti katika miaka ya 1960, na tena mwaka 1973 wakitumia histoni zenyewe, kwamba ndani ya tishu kuna kimeng'enya kinachong'oa methili kwenye laisini na kuacha fomaldehaidi, kemikali ileile iliyomo kwenye fomalini ya mochwari. Leo tunajua kwamba jamii zote mbili kubwa za vimeng'enya hivi huacha fomaldehaidi. Walikuwa wameushika ushahidi mkononi. Ila hawakuweza kukitenga kimeng'enya chenyewe, wala jeni yake haikujulikana, na somo likaachwa hapo kwa zaidi ya miaka 30. Hakuna aliyewapinga kwa jaribio la maana. Watu walihamia kwenye mambo mengine tu, na vitabu vya kiada vikaendelea kuandika kwamba alama haifutiki. Hilo ndilo ninalokilaumu kizazi changu. Kukosa vyombo si kosa la mtu. Kosa lilikuwa kulifunga swali kwa sababu hatukuwa na vyombo vya kulijibu.

Desemba 2004 jarida la Cell lilichapisha kazi kutoka maabara ya Yang Shi, Harvard Medical School, Boston, mwandishi wa kwanza akiwa Yujiang Shi. Protini waliyoieleza, LSD1, ilikuwa imeshaonekana kabla ya hapo ndani ya makundi ya protini yanayozima jeni. Watu walijua ipo. Kazi yake hawakuijua. Wao waliona inafanana na jamii ya vimeng'enya vinavyooksidisha amini, wakauliza inaoksidisha nini hasa, wakakuta inang'oa methili kwenye laisini ya 4 ya histoni H3. Haikupita miaka miwili, kundi la Yi Zhang, Chuo Kikuu cha North Carolina, likaieleza jamii ya pili iliyo kubwa zaidi, inayotumia madini ya chuma, oksijeni na molekuli iitwayo 2-oksoglutareti. LSD1 haiwezi kuigusa laisini yenye methili tatu. Katika jamii hii ya pili vimo vinavyoweza. Hivi leo demethilesi zinazojulikana kwa binadamu zimepita 20.

Sasa nifike kwenye dawa, maana hapa ndipo vijana wengi hawaijui nasaba ya kitu wanachokitumia.

Kizazi changu kinaijua isoniazidi. Hakuna ukoo Afrika Mashariki wa miaka ile usiokuwa na mtu aliyewahi kukohoa damu. Kule Kilimanjaro, Kibong'oto ilikuwa ikiwalaza wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926, na watu waliitaja kwa sauti ya chini. Isoniazidi ikaja ikabadilisha habari. Ikiunganishwa na thiasetazoni ilikuwa tiba ya bei nafuu, na ilipimwa hapahapa kwetu katika majaribio makubwa yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa msaada wa daktari Karel Styblo, na utaratibu uliokomaa hapo ndio Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza kwingineko. Wazee wengi wanaopumua leo wanapumua kwa sababu ya kidonge kile.

Isoniazidi ilikuwa na ndugu yake, iproniazidi. Zote mbili zilijaribiwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Sea View, Staten Island, New York, mwaka 1952. Jambo la ajabu likaonekana: wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa walichangamka, wakala, wakacheka, na magazeti ya wakati ule yakaandika habari za watu wanaocheza dansi wodini. Mwaka huohuo Ernst Albert Zeller, aliyekuwa akifanya kazi Chicago, akaonyesha kwamba iproniazidi inakizuia kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi, kilekile ambacho Mary Hare alikuwa amekieleza huko Cambridge mwaka 1928. Isoniazidi haikizuii. Hapo zikazaliwa dawa za kwanza za sonona. Iproniazidi iliharibu ini za watu, na mwaka 1961 ikaondolewa sokoni Marekani; mwaka huohuo ikaidhinishwa nyingine ya kundi hilo, tranilsipromini.

Rudini sasa kwa LSD1. Ile jamii ya vimeng'enya vinavyooksidisha amini ambayo watu wa Boston waliitambua ni jamii ya monoamini oksidesi. Kwa hiyo watafiti wakajiuliza swali lililokuwa wazi: je, dawa za zamani za sonona zinaigusa LSD1? Mwaka 2006 kundi la Ramin Shiekhattar, likiwa Philadelphia, likajibu kwamba tranilsipromini inaizuia. Namna inavyofanya ni nzuri kuitazama. LSD1 hufanya kazi ikiwa imeshika FAD, molekuli inayotokana na vitamini B2. Tranilsipromini ina pete ndogo ya kaboni tatu iliyopindwa kwa nguvu. Inapoingia ndani ya kimeng'enya pete hiyo huvunjika na kujifunga kwenye FAD moja kwa moja. Kimeng'enya hicho hakitafanya kazi tena mpaka seli itengeneze kingine.

Tazameni miaka hiyo. Kizuizi hiki cha demethilesi ya histoni kilikuwa kwenye rafu za maduka ya dawa miaka 43 kabla ya kimeng'enya chenyewe kutajwa. Watu wenye huzuni walikimeza kila siku, na hakuna aliyefikiri kuwa ndani ya viini vya seli zao kinaweza kugusa kitu ambacho vitabu vilisema hakifanyiki. Nawaambia vijana jambo hili ili wajue thamani ya kusoma kazi za kale. Jibu la swali la 2006 lilikuwa limekaa katika kumbukumbu za wodi ya kifua kikuu ya 1952, na katika makala za wanandoa wawili waliokuwa karibu kusahaulika.

Tranilsipromini yenyewe ni dhaifu kwa LSD1, na inaigusa monoamini oksidesi kwa nguvu zaidi, ndiyo maana mtu anayeitumia haruhusiwi kula jibini iliyokomaa, asije akapandwa na shinikizo la damu. Wanakemia wakaichukua pete ile ya kaboni tatu, wakaivisha mikono mipya mpaka ikaichagua LSD1. Kampuni ya Oryzon ya Hispania ikatoa iadademstati kwa ajili ya leukemia kali. Nyingine ya aina hiyo, bomedemstati, ililenga watu ambao uboho wao hutoa pleteleti, chembe za kugandisha damu, kupita kiasi, na mwishoni mwa 2022 Merck ilitangaza kuinunua kampuni iliyoimiliki kwa dola bilioni 1.35. Hata hivyo ugunduzi wa LSD1 ulipotimiza miaka 20, mwaka 2024, hakuna kizuizi hata kimoja cha demethilesi za histoni kilichokuwa kimeidhinishwa kwa kazi hiyo. Hakuna kilichokuwa kimevuka hatua ya majaribio.

Upande wa jamii ya pili, ile ya chuma, kazi ni ngumu zaidi. Binadamu ana vimeng'enya vipatavyo 60 vinavyotumia 2-oksoglutareti na chuma, na mahali pa kazi penyewe pamefanana mno. Ukitengeneza molekuli inayoiga 2-oksoglutareti, kama lilivyofanya kundi la Christopher Schofield huko Oxford, utaona inavizuia vingi kwa pamoja. Saratani yenyewe ilikuwa imeigundua hila hiyo kabla yetu: mwaka 2009 ilionekana kwamba uvimbe fulani wa ubongo, ambao jeni yake ya IDH1 imeharibika, hutengeneza 2-haidroksiglutareti kwa wingi, na molekuli hiyo huvibana vimeng'enya hivi hivi, alama zikarundikana bila kufutwa.

Mwaka 2012 ikachapishwa GSK-J1. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wa GlaxoSmithKline wakishirikiana na Structural Genomics Consortium, muungano unaotoa molekuli zake bila hataza, mtafiti yeyote azitumie. Ililenga demethilesi za laisini ya 27. Kwa kuwa GSK-J1 yenyewe haipenyi vizuri kwenye seli, walitoa pia GSK-J4, inayopenya kisha ikageuka GSK-J1 humo ndani, na wakaiambatanisha na molekuli pacha isiyofanya kazi, ili mtafiti ajue anachokiona kinatokana na kuzuiwa kwa kimeng'enya au na sumu tu. Mwaka 2014 GSK-J4 ilionyesha dalili njema kwa uvimbe wa watoto wa shina la ubongo, katika panya. Mwaka huohuo wengine wakaonyesha kwamba molekuli hiyo inavigusa pia vimeng'enya vya laisini ya 4. Wanaoitumia leo wakisema kwamba inazuia vya laisini ya 27 peke yake wanasema kisichothibitika.

Niseme wazi ninachokipenda kwa kizazi hiki. Wanagawana. Sisi tulingoja miezi kwa chupa moja ya kemikali, na mtu aliyekuwa nayo aliifungia kabatini. Wao wanatengeneza kitu cha thamani na kukitoa bila hataza, pamoja na pacha wake wa kulinganishia, na mwanafunzi aliyeko mbali anaweza kuomba na kupata. Hiyo ni adabu ya kisayansi ambayo kizazi changu hakikuifikia. Tena hawaogopi maswali. Yang Shi na wenzake hawakusubiri ruhusa ya vitabu.

Wanachokosa ni subira ya maskini. Mtu aliyekuwa na kemikali ya majaribio matatu tu alikaa juma zima akifikiri kabla hajaifungua chupa: nitalinganisha na nini, jibu likiwa hivi litamaanisha nini, likiwa vile je? Leo molekuli inaagizwa, inamwagwa kwenye seli kwa kipimo kikubwa kupita kile kinachohitajika, seli zinakufa, na makala inaandikwa kwamba kimeng'enya hicho ndicho roho ya saratani ile. Pacha wa kulinganishia amebaki kwenye friji. Nimesoma makala za namna hiyo nyingi mno.

Na mambo ni magumu kuliko jina la dawa linavyodai. Mfano ulio mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa leukemia. Vizuizi vya LSD1 huzilazimisha seli za leukemia fulani zikomae na kuacha kuzaliana, na kwa miaka ilidhaniwa ni kwa sababu methili hazifutwi tena. Mwaka 2018 kundi la Tim Somervaille huko Manchester likaonyesha kwamba sababu kubwa ni nyingine: dawa inapojifunga mle ndani inaibandua LSD1 kutoka kwa protini iitwayo GFI1, na jeni zilizokuwa zimezimwa zinaamka. Kazi ya kufuta methili haikuwa na uzito uliodhaniwa. Yaani kizuizi cha demethilesi kilifanya kazi, seli zikakomaa, na maelezo ya kwa nini yakawa tofauti na jina. Hapo ndipo ninapokiheshimu kizuizi kwa dhati. Kama dawa bado hakijathibitika. Kama swali linaloulizwa seli hai, kwa saa unazozitaka, kisha ukalisafisha na kuliuliza upya, hakuna kitu kilichokuwapo enzi zetu kinachokikaribia. Ila swali linataka mtu wa kulisikiliza jibu lake, hata likiwa silo alilolitarajia.

Wapo pia waliolichukua neno epijenetiki na kulipeleka sokoni. Wanawauzia watu chai, virutubisho na semina, wakisema mawazo mema yanafuta alama za mababu. Nawaomba wasomaji wasiwape fedha zao. Demethilesi moja tu imewachosha wanakemia bora wa dunia kwa miongo miwili. Haiongozwi kwa chai.

Sasa nilete jambo lililo letu kabisa. Mwaka uleule wa 2004 ambao LSD1 ilitajwa, Muhimbili ilianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu ili kuwafuatilia kwa utafiti, kazi iliyomfanya Julie Makani na wenzake wajulikane duniani. Makadirio yanayotumika kwa kawaida ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Katika kizazi changu wengi wao walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano, bila jina la ugonjwa. Walisemekana wana homa, wana baridi ya mifupa, wamerogwa. Niliwajua mama waliozika watatu.

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, ambayo haina kasoro ya selimundu. Miezi michache baada ya kuzaliwa jeni yake inazimwa, ya utu uzima inashika kazi, na maumivu yanaanza. Nani anaizima? Mojawapo ya wazimaji ni LSD1, ikiwa ndani ya kundi la protini linalokaa juu ya jeni ile. Mwaka 2013 kundi la Chuo Kikuu cha Michigan lilionyesha kwamba ukiizuia LSD1, kwa tranilsipromini ileile iliyotokana na historia ya kifua kikuu, himoglobini ya kichanga inapanda katika seli za damu za binadamu zilizokuzwa maabara. Baadaye kizuizi chenye nguvu zaidi kilijaribiwa kwa nyani, na himoglobini hiyo ikapanda. Tatizo ni kwamba LSD1 inahitajika pia katika kukomaa kwa seli zinazotoa pleteleti. Ukiizuia sana, pleteleti zinashuka na mtu anaweza kutoka damu. Kipimo kinachofaa kwa mtoto wa Mwanza au wa Kisumu, mwenye malaria mara mbili kwa mwaka na lishe ya msimu, hakitapatikana Michigan. Kitapatikana huku, na watu wa huku, au hakitapatikana.

Hilo ndilo ninalowaomba mnaosoma kemia na tiba sasa, Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Kinshasa. Tuna wagonjwa wengi, tuna kliniki nzuri, tuna wafuatiliaji hodari. Wanakemia wa usanisi tunao wachache mno, yaani watu wa kuishika molekuli na kuibadilisha mkono mmoja baada ya mwingine mpaka ifae. Majaribio ya isoniazidi na thiasetazoni tuliyafanya hapa kwa dawa za wengine, na dunia ikanufaika. Safari hii inawezekana molekuli yenyewe itoke hapa. Wanaogawa fedha za vyuo wanajua gharama ya maabara ya usanisi ni ndogo kuliko gharama ya jengo jipya la utawala. Wajenge maabara.

Na wewe mzazi mwenye mtoto wa selimundu, usisubiri lolote kati ya haya niliyoyaandika. Haidroksiyurea ipo tayari, nayo pia huipandisha himoglobini ya kichanga. Majaribio ya REACH yaliyochapishwa mwaka 2019, kwa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, yalionyesha kwamba waliotumia dawa hiyo chini ya uangalizi walipata maumivu machache, malaria ilipungua, walioongezewa damu walipungua, na waliokufa walipungua. Mpeleke mtoto kliniki ya selimundu mapema, muulize daktari kuhusu haidroksiyurea, na usikose tarehe za kupima damu.